Sauti Inayorudi Saa Sita

Jumatatu ile, saa nne na robo asubuhi, Sengamalam alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtaa wa Saligramam, ananunua bilinganya. Alishachagua nusu kilo, zile ndogondogo za zambarau, na alipofumbua mdomo aombe kishada cha giligilani cha nyongeza, ambacho pale kila mtu huongezwa bure, sauti haikutoka. Alijaribu tena. Midomo ilicheza, koo likapanda likashuka, pumzi ikapita, basi. Mwuza mboga alikuwa mama wa makamo aliyekwisha kuona mengi katika mtaa ule wa watu wa sinema. Alimtazama kidogo, akamwekea giligilani juu ya bilinganya, akaongeza na pilipili mbichi mbili, akaenda zake mlango wa pili.

Dakika hiyohiyo, katika ofisi ya msimamizi wa uchaguzi upande wa pili wa jiji la Chennai, Kanakaprabha alikuwa akisoma kiapo cha mgombea. Huyu alikuwa mwigizaji wa filamu thelathini na moja, na katika zote hizo hakuwahi kusikika akisema neno kwa sauti yake. Alizaliwa kaskazini, na Kitamil chake kilikuwa cha kuombea maji na kuagia wageni. Mbele ya kamera alichezesha midomo tu. Baadaye Sengamalam aliingia katika chumba kisicho na dirisha, akaitazama ile midomo kwenye kioo, akaitia sauti. Kulia, kucheka, kumkaripia mwenye nyumba katili, kumwambia hakimu wa kwenye filamu kwamba mtoto wa maskini naye ana mama, yote yalikuwa ya Sengamalam. Kazi ndivyo inavyofanywa pale, hakuna anayeificha na hakuna anayeitaja. Siku hiyo Kanakaprabha alisoma kiapo kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwama popote, kwa sauti ambayo watu waliijua kwa miaka kumi na tisa. Waliokuwa nje, chini ya vipaza sauti, walilia.

Yazhini, bintiye Sengamalam wa miaka minane, alikuwa nyumbani kwa sababu ya homa. Aliita kutoka sebuleni:

"Mama, sauti yako iko kwenye televisheni."

Kisha akaongeza sauti ya televisheni kidogo, mama yake asikie vizuri.

Sauti ilirudi saa sita. Mwezi wa nne jua la kule halina huruma, na wagombea wote hupumzika kuanzia saa sita mpaka saa kumi, maana hakuna mtu wa kusimama juani kusikiliza ahadi. Iliingia kwa dirisha la jikoni, nyepesi kama mvuke wa wali, ikinuka maua ya asumini na moshi wa jenereta. Ikatua kwanza kwenye rafu, karibu na kopo la dengu, ikapumua, ndipo ikaingia kooni. Sengamalam alikohoa mara moja, akamwuliza Yazhini kama amekunywa dawa. Saa kumi ikaondoka tena.

Wiki hiyohiyo alikuja bwana mmoja wa chama, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa, na barua yenye muhuri. Chama kilimwomba Sengamalam, kwa manufaa ya jimbo, aache maji ya barafu, achari ya embe, na kugombana na majirani. Sengamalam aliisoma, akaiweka chini ya kopo la dengu. Kwenye chumba cha kuingizia sauti walikwisha kumpata msichana mwingine wa kufanya kazi za asubuhi. Fundi wa mitambo alimpa pole kwa simu, akasema anaelewa, mambo ya siasa hayo.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mdogo wake, Kathiravan. Alikuwa na miaka thelathini na nne, fundi wa mashine za kusagia mchele wa mikate ya dosa, na katibu wa tawi la ishirini na saba la wapenzi wa Kanakaprabha, ambaye wao walimwita Akka, dada mkubwa. Dada yake mwenyewe alimwita dada tu. Tangu kijana alikuwa akimsikia Sengamalam akifanya mazoezi ya maneno ya Akka jikoni, huku anakatakata vitunguu, na hata hivyo kila filamu ilipotoka alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na alitoka amevimba macho.

"Yule anayelia pale ni mimi," Sengamalam aliwahi kumwambia.

"Wewe unamkopesha tu, dada. Maneno ni yake."

"Maneno ni ya mwandishi."

"Haya, basi uso ni wake," alisema Kathiravan, na hapo akawa amemaliza.

Siku ya kumi ya kampeni, chama pinzani kilisimamisha picha ya mgombea wao, mcheza mieleka mstaafu, ya mbao na karatasi, yenye urefu wa futi hamsini. Jumatano iliyofuata tawi la ishirini na saba likasimamisha ya Akka. Ilikuwa futi sitini. Mafundi walisema inahitaji kamba nane, zikapatikana nne. Kathiravan alipanda kwenye jukwaa la mianzi na kopo la maziwa begani, kama wapenzi wanavyofanya kule filamu mpya inapotoka, akaanza kuiogesha ile picha kuanzia utosini. Kamera za televisheni zilikuwa chini. Picha iliinama polepole, kama mtu anayeinama kumsikiliza mtoto, kisha ikaanguka naye.

Alikufa palepale. Picha ililala chali uwanjani siku tatu, ikisubiri polisi wapime, na siku zote tatu maziwa yaliendelea kudondoka kutoka kidevuni mwake. Paka wa mtaa ule walinenepa.

Ijumaa jioni Kanakaprabha alihutubia watu elfu ishirini. Sengamalam na Malarkodi, mjane wa Kathiravan, walikuwa wamekaa mkekani kwenye nyumba ya msiba, na hotuba ikawafikia kwa vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za umeme mpaka mlangoni pao. Ilisema kwamba marehemu hakuwa mtu wa chama. Ilisema hakuna aliyemwambia apande. Ilisema, kwa huzuni ambayo Sengamalam aliijua kuwa ni ile ya kwenye filamu ya tisa, pale mama anapomkana mwanawe, kwamba kijana yule alikuwa amelewa.

Kathiravan alikuwa katika siku ya thelathini ya nadhiri ya siku arobaini na nane kwa mungu Murugan. Alikuwa hali nyama, havai viatu, na hata chai ya mkahawani alikuwa haigusi. Mtaa mzima ulimwona akitembea peku kwenye lami ya mchana. Malarkodi aligeuka akautazama mdomo wa wifi yake, ambao ulikuwa umefungwa.

Kesho yake sauti ilichelewa. Ilifika saa sita na nusu, ikakaa rafuni, ikakataa kuingia. Sengamalam alipasha maji, akatia pilipili manga na kipande cha sukari ya mtende, akakaa chini akaiita kwa mkono, kama unavyomwita mtoto aliyevunja chungu na sasa yuko nyuma ya mlango. Haikupigwa wala haikuulizwa. Mwishowe ikaja. Jambo la kwanza alilolisema Sengamalam lilikuwa kumwuliza Malarkodi kama amekula.

"Jana umenitukania mume mbele ya watu elfu ishirini," Malarkodi alisema, "leo unaniuliza kama nimekula."

"Si mimi, wifi."

"Najua si wewe. Ndiyo maana nimekaa hapa mpaka sasa. Lakini hebu nyamaza kidogo. Nikiisikia hiyo sauti natapika."

Basi Sengamalam akanyamaza, hata kwa zile saa nne alizokuwa nazo.

Tabu ni kwamba sauti ilikuwa inakumbuka. Kila neno ililopitisha asubuhi lilibaki kooni mchana kama chembe ya wali, na Sengamalam akilala chali aliweza kuyasikia yote kwa mpangilio. Hivyo ndivyo alivyolikuta la Jumanne, siku moja kabla ya picha kuanguka. Saa tano asubuhi Kanakaprabha alikuwa ndani ya gari akampigia simu katibu wa tawi la ishirini na saba. Alisema: Kathiravan, kaka yangu, ipandishe iwe ndefu kuliko ya yule bwana. Na panda wewe mwenyewe. Nataka nikuone kwenye kamera.

Malarkodi alipoelezwa, kwa maandishi nyuma ya barua ya chama, aliisoma mara mbili. Alikumbuka kwamba Jumanne ile mumewe aliingia ndani, akanywa maji, akasema Akka ameniita kwa jina langu. Kwa furaha aliyokuwa nayo, mchana hakula.

"Amekufa kwa kukuitikia wewe," Malarkodi alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na ndivyo ilivyokuwa.

Serikali iliunda tume. Jaji mstaafu angesikiliza mashahidi, na atakachoandika ndicho kitakachobaki juu ya Kathiravan, kwenye makaratasi na midomoni mwa watu: aliitwa akaenda, au alilewa akaanguka. Sengamalam hakutaka kingine. Mtu aliyekufa na nadhiri mwilini asiandikwe mlevi. Tume ilikaa saa nne mpaka saa sita, wakati ambao sauti ilikuwa kazini, kwa hiyo akaandika barua kuomba asikilizwe saa sita na nusu. Karani aliipiga muhuri bila swali. Mwombaji aliyemtangulia alikuwa ameomba asikilizwe baada ya futari, na huyo naye alikubaliwa.

Siku mbili kabla ya kusikilizwa, saa nane mchana, gari lenye mapazia lilisimama mlangoni na Kanakaprabha akashuka peke yake. Alivaa sari ya pamba isiyo na urembo. Alivua viatu, akakaa mkekani, akakataa kiti. Kwa kuwa ilikuwa saa nane, alikuwa na sauti yake ya kuzaliwa, nyembamba, kama ya msichana anayesoma ubaoni, na Kitamil chake kilikuwa vilevile.

"Dada, mimi nimechoka," alisema.

Sengamalam alimpa maji. Akamwambia sote tumechoka, mheshimiwa.

"Mimi sikutaka mtu afe. Mimi nilisema picha iwe ndefu tu."

"Na kwamba amelewa?"

"Hiyo wameandika wao. Mimi napewa karatasi. Nikisoma kwa sauti yako, dada, inakuwa kweli. Hata mimi naamini. Nilipokuwa nasema, nililia. Ulisikia nililia?"

"Nilisikia."

"Mimi sijui hata kusema uongo kwa Kitamil," alisema Kanakaprabha. "Kwa sauti yangu, sijui."

Yazhini aliyekuwa mlangoni alimwuliza kama ni kweli farasi wa kwenye ile filamu ya vita alikuwa wake. Kanakaprabha akasema hapana, alikuwa wa kukodi, na alikuwa anang'ata. Mtoto alicheka, na mgeni naye akacheka kidogo. Sengamalam aliona kwamba yule mwanamke hakuwa na hata mvi moja, ila mikono yake ilikuwa imezeeka.

"Usiende kwenye tume, dada. Yule mjane atapata kazi kwenye jiko la shule. Mimi nitasema wampe."

"Andika kwamba hakuwa amelewa. Nitakaa nyumbani."

Kanakaprabha aliifikiria kwa muda mrefu, kwa uaminifu, kama mtoto anayepewa hesabu.

"Kama hakulewa," aliuliza, "kosa litakuwa la nani?"

Alimaliza maji yake, akavaa viatu, akaondoka kabla ya saa kumi, maana saa kumi alikuwa na mkutano.

Tume ilikaa katika ukumbi mdogo wenye feni mbili, moja mbovu. Sengamalam alivaa sari yake ya kijani, Malarkodi akakaa nyuma. Alipofumbua mdomo kutaja jina lake, ukumbi mzima ulisimama. Polisi wawili waligusa kofia. Mwanamke aliyekuwa akipiga chapa maelezo aliacha mashine akaunganisha viganja, macho yamemjaa maji. Jaji, mzee msafi mwenye shingo nyembamba, aliwahi kuitazama filamu ya kumi na nne mara tisa pamoja na marehemu mkewe, na ilimchukua muda kidogo kuwaomba watu wakae.

Sengamalam alisema yote. Alitaja nadhiri, miguu peku, siku ya thelathini. Alitaja Jumanne saa tano, na maneno ya kwenye simu, neno kwa neno. Alisema anayajua kwa sababu yalipita kooni mwake. Sauti haikutetereka. Ilikuwa ileile iliyokuwa ikiwaliza watu kwa miaka kumi na tisa, na safari hii ilikuwa inasema mambo yake yenyewe.

Wakili wa chama alisimama. Alikuwa mtu mpole, hakumtukana mtu. Alisema hana ugomvi na shahidi, ila tume imesikia sauti ya mheshimiwa Kanakaprabha, na mheshimiwa Kanakaprabha hakuitwa leo. Kama maneno ya mtu yatapokewa kwa sauti ya mtu mwingine, alisema, hakuna atakayekuwa salama katika nchi hii.

Jaji alivua miwani.

"Mama, una haki ya kusikilizwa. Lakini sema kwa sauti yako mwenyewe."

"Hii ndiyo yangu, mheshimiwa. Sina nyingine."

"Nchi nzima inajua ni ya nani."

"Nchi nzima inajua uso ni wa nani."

Jaji aliinamisha kichwa. Ilionekana kwamba neno hilo lilimgusa, na kwamba halikuwa na mahali pa kuandikwa. Sengamalam aliuliza kama anaweza kuandika maelezo yake kwa mkono. Karani alifungua kitabu cha taratibu akasoma: maelezo ya maandishi hupokelewa baada ya shahidi kuyasoma kwa sauti yake mwenyewe. Walimsubiri. Alikaa mbele yao, viganja mapajani, mpaka feni nzima ikakatika pamoja na umeme. Kisha mpiga chapa akapiga mstari mmoja: Shahidi alifika. Hakusema kitu.

Malarkodi alimshika mkono kwenye ngazi. Hakuwa amefanya hivyo tangu msiba.

"Nimekusikia," alisema.

Ripoti ilitoka kabla ya mvua. Iliandika ulevi, na ikapendekeza kamba nane siku zijazo. Kanakaprabha alishinda kwa kura nyingi, akafanywa waziri, na kwenye kiapo sauti ya Sengamalam iliwafurahisha hata wapinzani. Mcheza mieleka alimpongeza, akasema mbele ya sauti kama ile hata yeye angejipigia kura kwa shingo upande. Waziri alizoea kulala mchana, kwa hiyo saa hazikubadilika. Baada ya miezi miwili Malarkodi aliichukua ile kazi ya jiko la shule, maana kodi ya nyumba ilikuwa palepale. Wapishi wenzake walimpokea vizuri. Mmoja tu alimwambia, kwa kumfariji, kwamba hata mume wake yeye alikuwa mlevi.

Katika Aadi, mwezi wa Kitamil, siku ya giza la mwezi, ambayo ni siku ya kuwalisha wafu, walipika kwa Sengamalam bila kitunguu: wali, dengu, boga, ndizi mbichi, na uji wa maziwa na sukari. Walipanda darini na jani la mgomba, wakapakua fungu la kwanza juu ya ukuta. Wafu wa kule huja kama kunguru, na mpaka kunguru ale, hakuna mtu wa nyumba anayegusa chakula.

Malarkodi aliita tangu saa tano. Aliita kama kunguru wanavyoitwa, akaita na kwa jina. Walikuwa wengi kwenye nyaya, wakatazama pembeni. Mmoja, mwenye mabega mapana na manyoya yaliyolala vizuri, alikuwa juu ya tangi la jirani, na Malarkodi alimtambua mara moja kwa namna alivyojikuna. Huyo alimsikiliza mke wake kwa heshima, lakini hakusogea. Wali ulianza kukauka pembeni. Yazhini alisema ana njaa, kisha akasema samahani.

Saa sita sauti ikapanda ngazi, ikinuka viyoyozi siku hizi, ikaingia. Sengamalam aliziba mdomo kwa ncha ya sari. Malarkodi alilitazama jani, akamtazama kunguru.

"Mwite wewe," alisema.

"Wifi."

"Mwite. Hajala tangu Jumanne ile."

Sengamalam aliushusha mkono. "Kathiravan," aliita. "Kathiravan, kaka yangu, njoo ule."

Alikuja papo hapo. Alitua ukutani, akapangusa mdomo kushoto na kulia, akajinyoosha manyoya ya kifuani kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Alikula wali, akala boga, akaumaliza uji wote. Kila baada ya tonge aliinua kichwa, na hakumtazama mkewe wala dada yake. Alitazama ng'ambo ya barabara, juu ya bohari, walikobandika ubao mpya wa waziri, anatabasamu, futi arobaini tu kwa amri ya serikali. Aliposhiba aliinamisha kichwa kuelekea huko mara mbili, akaruka.

"Amekula," alisema Yazhini.

"Amekula," alisema Malarkodi. Alifuta jasho la shingoni, macho bado yako kwenye lile tangi tupu. "Wifi. Amedhani ni nani anamwita?"

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Sauti ilikuwa nyumbani, na haikuwa na kazi nyingine mpaka saa kumi. Sengamalam alilikunja jani la mgomba.

"Twende tukale," alisema. "Mtoto ana njaa."